Bega la Bi Kidawa na Sinia la Kwanza

Hapo zamani, wala msidhani ni zile zamani za majini kuposa binti za wafalme, maana hii ni zamani ya juzi tu, watu wana simu mifukoni na bado wanaumwa migongo, aliondokea mwanamke katika mji wa Kwetango, jina lake Bi Kidawa.

Kazi yake ilikuwa kupika shughuli. Iwe harusi, iwe maulidi, iwe hitima, hakuna sufuria kubwa iliyotelekwa Kwetango bila yeye kusimama juu yake na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Pilau lake lilikuwa na sifa mbaya moja: watu walihudhuria hitima za marehemu wasiowajua.

Basi siku moja bega lake la kulia likaganda. Kwanza liliuma, kisha likakataa kabisa. Mkono ukawa haupandi hata kufunga kilemba. Bi Kidawa akaenda kwa mkandaji, akakandwa kwa mafuta ya nyonyo mpaka paka wa jirani wakamkimbia. Bega kimya. Akaenda kwa mpiga chuku, akaumikwa pembe mgongoni, damu nyeusi ikatoka. Bega kimya. Akaenda zahanati, akapewa vidonge, akavimeza vyote, tumbo likavurugika. Bega kimya. Na mumewe, Mzee Hatibu, alikuwa akimtazama kutoka kitini pake na kumwambia neno lile lile kila asubuhi.

"Mama Saidi, ngoja tu. Litapona."

"Nikingoja, harusi ya mjukuu wangu atapika nani?"

"Ngoja tu."

Hapo ndipo palipomuuma Bi Kidawa kuliko bega lenyewe. Mjukuu wake Mwanaasha alikuwa ameshaposwa, na watu walikwishaanza kumtaja mpishi wa mji wa pili, yule anayetia karoti kwenye pilau. Karoti! Bi Kidawa alilia. Alipokwisha kulia akafuta machozi kwa mkono wa kushoto, akaita majirani wawe mashahidi, akaweka nadhiri:

"Atakayeurudisha mkono wangu huu hadi juu ya kichwa, nitampelekea sinia la kwanza la pilau la harusi ya Mwanaasha, nimelibeba mwenyewe kwa mikono miwili, na mkono mzima wa mbuzi juu yake. Atakula yeye kabla ya bwana harusi, kabla ya shehe, kabla ya yeyote."

Nadhiri si mchezo, jamani. Kwetango wanaamini kwamba ukipata ulichokiwekea nadhiri, nawe usiitimize, hunyang'anywa ulichopata. Bi Kidawa aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Siku hizo hizo wakaja mjini madaktari wawili, wametumwa kufanya utafiti mmoja, nao hawakupatana hata juu ya hali ya hewa. Wa kwanza ni Daktari Mbaruku, aliyesoma Uchina miaka mingi, akarudi na sindano nyembamba kama unywele na mchoro wa mtu aliyejaa mistari toka utosini hadi nyayoni. Wa pili ni Daktari Shemweta, aliyesoma hapa hapa na haamini asichokiona.

Wakawakusanya wote wenye mabega yaliyoganda. Daktari Mbaruku akatundika mchoro wake ukutani.

"Mwilini mna njia," alisema. "Nguvu ya uhai hupita humo kama maji mferejini. Mfereji ukiziba, kiungo hukauka. Njia hii, kwa mfano, inaanzia kidole cha shahada, inapanda mkono, inapita begani, inaishia kando ya pua. Inaitwa njia ya utumbo mpana."

"Utumbo umefuata nini begani?" akauliza Bi Kidawa.

"Ndivyo walivyoiita wahenga wa huko, bibi. Na ipo nyingine inayoshuka mpaka mguuni. Tukikuchoma hapa kwenye muundi, bega lako litasikia."

"Naumwa bega, wanichoma muundi?"

Daktari Shemweta alicheka kimyakimya. "Mimi nimepasua maiti wengi," alisema. "Nimeona mishipa ya damu, nimeona mishipa ya fahamu. Njia hizo za mwenzangu sijaziona hata moja."

"Na maumivu," akauliza Daktari Mbaruku, "uliyaona?"

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kila mgonjwa alipewa kadi yenye namba. Namba nyingine zilikuwa za Daktari Mbaruku, naye angechoma penye njia. Namba nyingine zilikuwa za Daktari Shemweta, naye angechoma kando ya njia, umbali wa upana wa dole gumba, mahali ambapo hata Wachina hawajadai kuna kitu. Mgonjwa asijue amechomwa na nani. Kwa hiyo pazia lilikatisha kitanda: kichwa huku, mwili kule. Anayechoma haruhusiwi kusema neno. Upande wa kichwa mgonjwa aliruhusiwa kukaa na mtu wake, kwa sababu Kwetango mwanamke haendi kufunuliwa bega na wanaume bila mwenziwe kuwapo.

Mwenziwe Bi Kidawa alikuwa wifi yake, Bi Mwantumu, dada wa Mzee Hatibu. Huyo aliletwa duniani aseme. Kila sindano ilipoingia upande ule, Bi Mwantumu upande huu alimshika mkono na kumpa habari za mji, nani kaachwa, nani kapeleka barua ya posa nyumba isiyo na binti, mpaka Bi Kidawa akacheka na kitanda kikatikisika, na anayechoma akalazimika kungoja.

Wakaendelea hivyo juma baada ya juma. Bega likaanza kusema kidogo kidogo. Na siku moja jikoni, paka akarukia nyama. Bi Kidawa akainua mwiko juu ya kichwa akamtupia. Paka akatoka mbio. Bi Kidawa akabaki amesimama, anautazama mkono wake ulivyo juu, wa kulia, ule ule. Akapiga kigelegele peke yake, akaketi sakafuni, akalia tena, safari hii kwa furaha. Paka naye angeweza kudai sinia, lakini paka wa Kwetango hawana makuu.

Siku ya kufunga utafiti, madaktari wakafungua siri ya namba wajue nani alimchoma nani. Bi Kidawa akaenda mapema, amevaa kanga mpya, kwa sababu alitaka kujua sinia lake liende wapi.

"Namba yako ni yangu," alisema Daktari Mbaruku akitabasamu. Kisha tabasamu likanywea. "Lakini nakumbuka kadi hii. Mguu niliouchoma kwa kadi hii ulikuwa na manyoya kama wa beberu."

"Mguu wangu mimi?" Bi Kidawa akasimama. "Wifi, umesikia ninavyotukanwa?"

"Na hukuuliza?" akasema Daktari Shemweta.

"Kanuni inanikataza kusema! Kanuni yako!"

Ndipo ikajulikana. Madaktari walidhani kadi ni ya mtu. Watu wa Kwetango walidhani kadi ni ya foleni. Na Kwetango, mkubwa akiingia na wewe mdogo umekaa na namba ya mbele, utafanyaje? Utasimama, utasema shikamoo, utampisha, na kadi utampa. Mkubwa kuliko yeye akiingia, naye atasimama. Kila siku kadi zilitembea benchi zima kwa adabu. Bi Kidawa mwenyewe alipisha, akapishwa, akapisha tena. Hakuna aliyejua nani alichomwa na nani, siku gani, wapi. Adabu ya watu ilikuwa imeutafuna utafiti wote, na hakuna hata mmoja wa kulaumiwa, labda mama zao waliowalea vizuri.

Na cha kuchekesha ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamepata nafuu. Daktari Mbaruku akasema, "Mnaona? Wamepona!" Daktari Shemweta akasema, "Mnaona? Hakuna tofauti!" Wakapeana mikono kila mmoja akimpa mwenziwe pole.

Siku ya harusi ikafika. Bi Kidawa alipika kama mtu aliyefunguliwa. Aligeuza wali kwa mwiko mrefu, akapakua sinia la kwanza, akalaza juu yake mkono mzima wa mbuzi, akalinyanyua mpaka juu ya kichwa. Wanawake wakapiga vigelegele chini ya turubai. Akapiga hatua mbili, akasimama. Hakujua aende wapi. Alikuwa amemuuliza shehe kama linaweza kugawanywa, na shehe alimjibu, "Ulinadhiri sinia zima kwa mtu mmoja. Ukiligawa umefanya karamu, nadhiri bado unadaiwa."

Wenye kulidai sinia, kila mmoja akijiona ndiye aliyemponya, wakaona amesimama, wakasimama nao.

Daktari Mbaruku akasema: "Bibi, nani alileta sindano Kwetango? Mimi. Njia ulizaliwa nazo, hukuzijua mpaka nilipokuonyesha. Kadi zilizunguka, ni kweli. Lakini kwa mizunguko yote ile haikosi nilikupata, na kufungua mlango mara moja kunatosha. Sinia ni langu."

Daktari Shemweta akasema: "Haikosi na mimi nilikupata. Nilikuchoma pasipo njia, kwa makusudi, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kukosea sawasawa ni kazi ngumu kuliko kupatia. Tangu mwanzo nilisema sindano zangu si kitu. Sasa umepona. Kama ni mimi, basi umeponywa na kisicho kitu, na hicho kisicho kitu nilikitengeneza kwa mikono yangu. Sinia ni langu."

Watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Daktari, unadai zawadi kwa dawa unayosema si dawa?"

"Nadai kwa kupona kwake," alisema Daktari Shemweta, na masikio yakamwiva. "Kupona ni kweli."

Bi Mwantumu akafunga kanga kiunoni. "Mmesema wanaume, sasa nisikilizeni. Wifi yangu alikwenda kwenu amekakamaa kama dagaa mkavu. Nani alimtoa kitandani siku aliposema haendi tena? Nani alimshika mkono sindano zikiingia? Nani alimchekesha mpaka mwili ukalegea? Nyinyi mlikaa upande wa mwili, hamkuruhusiwa hata kusema pole. Upande wa kichwa nilikuwa mimi. Hata huyo mwenye mguu wa manyoya, kama asingeisikia kutoka benchi habari yangu ya ile barua ya posa, angepona? Sinia ni langu!"

Bi Kidawa alimtazama wifi yake. Tangu mama yake afe, hakuna aliyemshika mkono muda mrefu namna ile. Ni kweli pia kwamba siri zake mwenyewe alizisikia baadaye zikichekwa sokoni.

Mwisho kabisa, polepole, kwa kushika magoti, akasimama Mzee Hatibu.

"Mimi sikufanya kitu," alisema.

"Tunajua!" watu wakaitikia.

"Sikuchoma, sikukanda, sikuhadithia. Nilisema ngoja. Bega la marehemu mama liliganda hivi hivi. Hakwenda popote, na baadaye likamwachia akarudi kutwanga. Waulizeni hao wasomi."

Watu wakawageukia madaktari. Daktari Shemweta akakohoa. "Ni kweli," alisema. "Mabega ya namna hii mengi huachia yenyewe, muda ukipita."

"Basi mke wangu ameponywa na muda," akasema Mzee Hatibu, "na katika mji huu wote aliyeutetea muda ni mimi peke yangu. Kila asubuhi nilimwambia, kila asubuhi akanifokea. Mwingine angechoka akasema haya, nenda kachomwe. Mimi sikuchoka kukaa. Sinia ni langu."

Sasa Bi Kidawa amesimama, sinia juu, mvuke unamshukia usoni. Akimpa Daktari Mbaruku, na kumbe kila mara alichomwa pembeni ya njia? Akimpa Daktari Shemweta, atakuwa ametoa mkono mzima wa mbuzi kushukuru kisicho kitu. Akimpa wifi, kesho mji mzima utajua, na keshokutwa utajua zaidi. Na akimpa mumewe, basi umri wake wote uliobaki, kwa homa, kwa mvua, kwa paa linalovuja, ataambiwa ngoja tu, na hatakuwa na la kujibu. Akimpa asiyestahili, nadhiri bado iko shingoni mwake, na mkono huu utarudi ulikotoka.

Wali unapoa. Bwana harusi anameza mate. Wageni wamenawa na mikono imekauka. Na begani, upande ule ule wa kulia, Bi Kidawa anasikia kitu kinachomchoma, kidogo, kama ncha ya sindano. Huenda ni uzito wa sinia. Huenda si uzito wa sinia.

Mimi sina ujasiri wa kuwa yeye. Haya nyinyi mlioketi mmeshiba, mwambieni upesi kabla mkono haujashuka: sinia lile aliweke mbele ya nani?