Siku Chewa Alipoilinda Pumzi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sauti gani hiyo, kama mmekula kiporo cha juzi? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Haya. Pakawa tangi la kioo na maji ya chumvi, na wenyewe wamo ndani. Nami nikisema chubwi, ninyi mtaitikia nini?"

"Chwaa!"

"Naam, sasa mmeamka. Sikilizeni."

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana umeme ulikuwapo na ulikuwa ukikatika, Bi Mwatime alikuwa na nyumba ya wageni. Ukumbini mwa nyumba ile aliweka tangi kubwa la samaki. Maji aliyatoa baharini, mchanga aliutoa baharini, mawe aliyatoa baharini. Mawimbi ndiyo yaliyomshinda kubeba. Basi mahali pa mawimbi akaweka pampu. Pampu ikasukuma maji huku na huku, ikatikisa juu, ikatoa mapovu, burubu-burubu-burubu, usiku na mchana, na samaki wakapumua raha mustarehe.

Mle tangini alikaa Kitatange, mwenye mistari ya njano na maringo tele. Alikaa Pono, ambaye usingizi wake mnaujua. Alikaa Kamba, yule wa masharubu marefu, si kamba ya kufungia mbuzi. Na alikaa Chewa.

Huyo Chewa aliingia mle akiwa mdogo kama kidole. Akala, akanenepa. Akala, akanenepa. Mdomo ukawa kama mlango wa ghala. Chakula kikimwagwa, Chewa kwanza. Kivuli cha jiwe, Chewa kwanza. Hata mapovu aliyakalia kwa tumbo lake na kusema, "Mapovu ni ya wakubwa."

Mmoja tu hakumtishia kumla, naye ni Kamba. Msidhani ni huruma. Kamba ndiye aliyemsafisha meno. Kila asubuhi Chewa hufumbua kinywa, Kamba huingia, kwangu-kwangu-kwangu, akatoa mabaki na kuyala, ndiyo riziki yake. Na anayeingia kinywani mwa mkubwa kila siku hujua mengi. Kamba alijua jino gani linauma, na alijua kwamba kule juu ya meno mna nafasi kubwa ambayo haijapata mpangaji.

Siku moja, nyumba haina mgeni, Bi Mwatime akaenda arusini Muheza. Akafunga mlango, akaacha dirisha wazi ili upepo uingie. Jua lilipopanda, umeme ukakatika.

Burubu-burubu... buru... bu.

Kimya.

Mwanzo hakuna aliyejali. Lakini maji yakalala. Yakalala, yakapata joto, yakawa mazito. Kitatange akaanza kuhema. Pono akaamka, na Pono akiamka mwenyewe mchana, jueni pana msiba. Wote wakapanda juu, wakabandika midomo pale maji yanapokutana na hewa, pwa, pwa, pwa, kila mmoja akitafuta tone la pumzi.

Chewa naye alikuwa anahema, tena mwili ule wataka pumzi ya ukoo mzima. Akapanda. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nyote chini! Huku juu ni kwangu."

"Bwana Chewa, tutakufa," akasema Kitatange.

"Basi kufeni taratibu, msinichafulie maji. Atakayepanda tena atashukia tumboni mwangu."

Wakashuka. Kamba akamwona Kitatange akiinama ubavu, ile njano yake imepauka. Kamba akaogopa kwelikweli. Siku aliyomwagwa mle tangini, mgeni hana hata pa kujificha, Kitatange ndiye aliyempisha kwenye jiwe lake. Hakuwa na rafiki mwingine.

"Shoga, usilale," akamwambia.

"Silali, shoga. Nimejiegesha tu."

Jibu hilo likamtia Kamba hofu zaidi. Akafikiri upesi. Siku zote alikuwa ameona jambo moja: pampu ikitikisa maji juu, chini watu wanapumua. Maji yakilala juu, chini watu wanakabwa. Basi patikiswe! Akapanda, akapiga vijiguu vyake vyote, tiki-tiki-tiki. Hata kiduara hakikutokea. Mkia wa kazi hiyo mle tangini ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Chewa. Na kumwomba Chewa msaada ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kamba akarudi chini, akanong'ona, "Laleni ubavu, nyote. Jifanyeni mmekufa. Atakayecheka ametuua."

Pono alikuwa ameshalala.

Kamba akakwea kioo mpaka penye taya la Chewa, akaangua kilio, "Kwii! Kwii!"

"Unalia nini, we Kamba? Meno yangu yana nini?"

"Meno hayajambo, Bwana Mkubwa. Nailia pumzi yako. Inatoroka!"

"Inatoroka?"

"Kwani Bwana huoni? Jana ilikuwa tele, leo imekuwa haba. Na hao wa chini wamekwisha kufa, si wao wanaoivuta. Inatokea hapa juu, inapita dirishani, inakwenda zake. Maji yakilala tu, pumzi huona mlango uko wazi."

Chewa akatazama dirishani. Pazia likatikisika kidogo.

"Huyo! Inakwenda!" akapiga kelele.

"Ipige, Bwana! Ipige mkia, iogope kutoka!"

Chewa akageuka, akauinua mkia ule kama kafi. Chubwi! Chwaa! Maji yakaruka mpaka ukutani. Akapiga tena, chubwi! Chwaa! Akavuta pumzi. Macho yakamtoka.

"We Kamba, ni kweli! Imerudi!"

"Si nilikuambia? Usiipe nafasi."

Basi Chewa akashika kazi, akapiga na kuimba, nanyi mwitikieni:

"Pumzi ni yangu, chubwi!"

"Chwaa!"

"Hatoki mtu nayo, chubwi!"

"Chwaa!"

"Wala simpi jirani, chubwi!"

"Chwaa!"

Kule chini, Kitatange akafumbua jicho moja. Matamvua yakafunguka. Njano ikaanza kurudi, mstari baada ya mstari. Akausikia wimbo wa Chewa, "wala simpi jirani", naye jirani ameshiba pumzi hadi shingoni. Akajibana, akajibana, ikamtoka.

"Kii!"

Mkia ukasimama hewani. "Nani amecheka?"

"Maiti, Bwana," akasema Kamba.

"Maiti hucheka?"

"Maiti mbichi hucheka, Bwana. Hasa akifa karibu na mtu mashuhuri."

Chewa akatazama chini. Akawaona wamelala ubavu, wamejipanga kama samaki wa sokoni. Tumbo likanguruma.

"Basi kama wamekufa, ngoja nishuke niwale."

Masharubu ya Kamba yakasimama wima. Chini kule Kitatange hakuwa tena na hamu ya kucheka.

"Kula, Bwana, ni haki yako," akasema Kamba polepole. "Mimi nitakaa hapa juu, niitazame pumzi ikiondoka."

Chewa akashuka hatua moja. Maji yakaanza kutulia.

"Kwaheri, pumzi!" akalia Kamba, akipunga sharubu kuelekea dirishani. "Utusalimie huko uendako!"

Chewa akapanda mbio. Chubwi! Chwaa! Akatazama chini kwenye nyama, akatazama juu kwenye pumzi. Huku anataka, huku hataki kuacha.

"Bwana," akasema Kamba, "maiti hakimbii. Pumzi inakimbia. Mwenye akili huanza na kipi?"

"Na kinachokimbia," akasema Chewa. "Ulidhani silijui hilo?"

"Hasha, Bwana."

Chubwi! Chwaa! Chubwi! Chwaa! Mchana kutwa. Sakafu ikalowa, zulia likalowa, kandambili za wageni zikaanza kuelea mlangoni. Chewa akakonda mashavu, mkia ukamuuma, na kila alipotaka kupumzika pumzi ikamwia nzito, naye akasema, "Inatoroka tena, mwizi huyu!" na kuanza upya.

Jua likielekea kuchwa, mara: bu... buru... burubu-burubu-burubu! Umeme umerudi. Chewa akashuka kama gunia la chumvi, akajibwaga mchangani. Akafumbua jicho, akamwona Kitatange anapita na maringo yake. Akamwona hata Pono, yu macho.

"Ninyi si mmekufa?"

Kamba akaruka mbele. "Walikufa, Bwana. Lakini waliposikia umeilinda pumzi peke yako kutwa nzima, wakaona aibu kwenda kuzimu bila kukupongeza."

"Hongera, Bwana Chewa," wakasema wote.

Chewa akavimba kwa furaha. "Waambie nimesikia," akasema. Kisha akafumbua kinywa, Kamba akaingia kazini, kwangu-kwangu-kwangu.

Bi Mwatime aliporudi aligombeza bomba, akagombeza dari, akakausha zulia. Hakumshuku Chewa.

Na tangu siku ile, umeme ukikatika, mle tangini hakuna anayepiga kelele. Kitatange analala ubavu. Pono analala, ingawa huyo hajifanyi. Wananyamaza, wanasubiri choyo cha Chewa kianze kazi.

Basi funzo lake, watoto, ni hili: choyo ni kitu chema kabisa. Chewa angekuwa mkarimu, angewapisha wenzake kule juu, wangekaa wote pamoja kwa adabu na mapenzi, na wote wangekufa. Funzo la pili: msiseme uongo. Mtazameni Kamba, kasema uongo kutwa nzima, na amepata nini? Uhai na rafiki tu, na meno ya watu ya kusugua.

Ngano yangu imefika mchangani. Aliyepata pumzi humo na aivute. Aliyekosa, mkia anao. Chubwi!

"Chwaa!"