Shali ya Bibi Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Walioketi karibu na mlango sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima, mahali pa baridi ya kukata masikio. Kondoo walikuwa wengi kuliko watu, na kila mtu alivaa sufu, mkubwa kwa mdogo. Kungwi wa kufuma alikuwa mwanamke mmoja mzee, Bibi Nyamizi. Hakuwa malkia wala mganga. Alikuwa na sindano mbili za mti na mdomo usiochoka.

Kati! Kati! Kati! Fuma, hesabu. Fuma, hesabu.

Wasichana walikwenda uani kwake kufundishwa. Naye alikuwa akiwaambia: "Sufu ifueni kabla ya kuifuma. Msipoifua, mvua ya kwanza itaikunja, na mwenye fulana abaki kitovu nje." Wasichana hucheka. "Uzi mpya uungeni pembeni. Fundo la katikati ni jiwe ndani ya wali. Na mkono ulegee, jamani, hamnyongi kuku! Mkifika mwisho wa mstari mnafanya nini?"

"Tunahesabu vitanzi!"

"Viwe vingapi?"

"Vile vile vya mstari uliopita!"

Katika wasichana wale alikuwamo Mwasiti. Huyo Mungu alimpa vidole. Akianza kufuma, kuku huacha kudonoa wakamtazama. Bibi Nyamizi alimpenda kama mboni ya jicho, na Mwasiti alijua kwamba anapendwa. Kujua huko ndiko kulikomharibu.

Mwaka mmoja, kifua cha Bibi kikaanza kupiga filimbi. Akamwita Mwasiti.

"Mjukuu wangu, kipupwe hicho kinakuja. Nifumie shali nzito ya kukinga kifua. Vidole vyangu vimekakamaa, sindano zinanikimbia."

"Nitakufumia, Bibi," akasema Mwasiti, "shali ambayo kijiji kizima kitaisimulia."

Kweli, tunaisimulia. Lakini si kwa namna aliyotaka.

Ngoma ya mavuno ilikuwa imebaki siku tisa. Mwasiti alitaka Bibi atokee na shali mpya mabegani, watu waulize ni ya nani, na jina lake litajwe. Basi akafuma mbio. Kati-kati-kati-kati! Kuhesabu? Akaona kuhesabu ni kwa wasiojua. Akapita mstari wa kwanza bila kuhesabu, na wa pili, na wa ishirini. Akafuma huku akipiga soga na wenzake.

Kitanzi kimoja kikachoropoka kwenye sindano.

Kitanzi kinapoanguka hakilii, wenzangu. Kilishuka kimya kimya, mstari baada ya mstari, kikaacha nyuzi zimekaa wazi kama ngazi. Siku ya nane Mwasiti akaitandaza shali aifurahie. Akaona pengo, urefu wake shibiri nzima, pale pale kifuani.

Najua mnachotaka kuniambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Mwasiti alikuwa akiujua msemo huo. Akakusanya zile nyuzi, akazifunga fundo kwa uzi mwingine, akapapasa juu yake. Akajiambia: haionekani.

Kijijini pale palikuwa na desturi. Mstari wa mwisho haufungwi mpaka vidole vya Bibi Nyamizi vipite juu ya kazi. Na desturi ya pili, mkono wa mtu hauingii katika kazi ya mwingine. Kosa la mfumaji hutengenezwa na mfumaji mwenyewe.

Mwasiti akapeleka shali ikiwa bado sindanoni. Vidole vya Bibi vikapita, vikapita, vikasimama.

"Mjukuu wangu, hapa pana kitanzi kilichoanguka."

"Hapana kitu, Bibi."

"Kipo. Kaa nikuonyeshe."

Mwasiti akawaza kwamba itabidi nusu ya shali ifumuliwe, na ngoma ni kesho. Hasira zikampanda. Hakukaa.

"Huna la kunionyesha!" akasema. "Ni wivu tu, Bibi. Vidole vyako vimekufa, unataka na vyangu vife."

Maneno hayo. Aliyatamka kwa kinywa chake. Akafunga mstari wa mwisho akiwa amesimama, akaiweka shali mapajani pa Bibi, akaenda zake.

Kesho yake Bibi Nyamizi akaja ngomani amejitanda shali, mkono wa kushoto ameuweka kifuani. Watu wakauliza, "Shali gani hii! Kaifuma nani?"

"Mwasiti wangu," akajibu Bibi.

Mwasiti akasikia. Akageuza uso.

Kipupwe kikaingia. Bibi akienda kisimani, mkono kifuani. Akienda kumpa mtu pole, mkono kifuani. Watu wakasema, maskini, kifua kinamuuma.

Siku ya gulio, mdogo wake Bibi, aliyeitwa Bi Mkunde, akapita kwa Mwasiti.

"Dada anakuita. Anasema ni jambo dogo."

"Nina kazi," akajibu Mwasiti. Moyoni alisema, anataka kunisuta.

Gulio la pili, Bi Mkunde akaja. "Dada anakuita. Jambo dogo."

"Nitakuja."

Gulio la tatu akaja tena. "Mwanangu, dada anakuita."

"Nimesema nitakuja!"

Gulio la nne Bi Mkunde hakuja. Kilichokuja ni kilio. Mwasiti alikuwa akifuma, akaacha katikati ya mstari.

Baada ya maziko, Bi Mkunde aliteleka viazi vya wafiwa, kisha akamletea Mwasiti ile shali. Fundo lilikuwa limefunguka, pengo limeachama, kiganja kinapita.

"Unaona?" akasema Bi Mkunde. "Hapo ndipo alipokuwa akiweka mkono. Hakutaka watu waseme mwanafunzi wake hajui kazi."

Pembeni mwa shali, imefungwa kwa uzi, palining'inia kulabu ndogo ya mfupa.

"Na hii?"

"Ya kuokotea vitanzi. Alikuwekea wewe. Mimi kazi yako nisingeigusa, na yeye vidole vilishakataa. Alikuwa akikungoja. Kaa nikuonyeshe."

Safari hii Mwasiti akakaa.

Akaingiza kulabu katika kitanzi kilichoanguka. Akanasa uzi wa kwanza wa ile ngazi, akaupitisha ndani. Kikapanda. Akanasa wa pili, kikapanda. Wa tatu, wa nne, ngazi kwa ngazi mpaka juu. Bi Mkunde akamwelekeza kulegeza ukingo, naye akakishikiza kitanzi kwa uzi kidogo. Hakufumua hata mstari mmoja wa shali.

Viazi jikoni vilikuwa havijaiva.

"Ni hivi tu?" akauliza Mwasiti.

"Ni hivi tu, mwanangu."

Mwasiti akalia mpaka sauti ikamkauka. Shali ilikuwa nzima, na kifua cha kuivaa kilikuwa chini ya udongo. Watu walisema Bibi kauawa na uzee. Labda. Yeye hakuwauliza.

Akaja kuwa kungwi wa kufuma, na hakuna aliyempita. Msichana akija kwake, kwanza hapewi sindano. Hupewa kulabu. Mwasiti huangusha kitanzi kimoja kwa makusudi, kisha husema, "Kaa nikuonyeshe." Msichana akilalamika kwamba kazi itakuwa ndefu, Mwasiti huteleka viazi.

Akazeeka akiivaa shali ile. Haikuwa na pengo tena, lakini popote alipokwenda, kisimani au ngomani, mkono wake wa kushoto ulikuwa kifuani.

Basi, wenzangu, anayekuita kwa ajili ya kosa lako, usidhani kila mara anakuita akuaibishe. Huenda anayo kulabu mkononi. Nenda angali akikuita.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mstari wangu nimeufunga. Na wewe nenda kahesabu wako.