Simu Iliyoachwa Wazi

Ndugu zangu, leo tuongee mambo ya simu. Na anayechezea yake sasa hivi, aiweke mfukoni kwanza.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa kanga, mtu wa swala tano. Kina mama wa mtaani kwake walibuni kanga mpya za Sikukuu, pindo la maua ya mkilua na maneno yao wenyewe, wakamkabidhi akazichapishe India. Akiba yao yote ilikuwa humo. Na mnajua, maneno ya kanga mpya hayatajwi mpaka doti ziingie dukani. Basi michoro yote ikakaa kwenye simu yake.

Siku ya safari mkewe akamwambia, "Baba watoto, huko ugenini weka namba ya siri kwenye simu."

Bwana akacheka. "Makubwa! Miaka yote unajisifu kwa mashoga zako kwamba mumeo hafungi simu, leo unataka nifunge? Simu hufungwa na mwenye mambo yake. Mimi sina cha kuficha."

Akaenda. Pasipoti kaifunga kiunoni, hata bafuni anaingia nayo. Hotelini simu ikaisha chaji, na Alasiri imeingia. Bwana mmoja mpole akamwambia, "Ichomeke hapa kwenye kompyuta yangu, wewe nenda kaswali." Akaichomeka, akaenda. Aliporudi simu imejaa, akamshukuru na kumwombea dua. Masikini ya Mungu! Kumbe anamwombea dua mwizi wake, aliyekwisha kunakili michoro yote.

Marobota yake yalipofika bandarini, mji mzima ulishajifunga mkilua. Pindo lile lile, maneno yale yale, tena kwa bei ya kutupa. Nani atanunua tena? Kina mama wakamjia nyumbani, wengine wanalia.

"Wallahi sikuwauza!" akasema. "Kagueni simu yangu, iko wazi."

Mkubwa wao akamjibu, "Tunajua hukutuuza, baba. Iko wazi, na hilo ndilo lililotuua. Wewe huna cha kuficha. Sisi tulikuwa nacho, tukakupa wewe."

Sasa nawauliza ninyi mnaofuata bidhaa Dubai na Guangzhou: simu hiyo ni yako peke yako? Namba za wateja je? Mikataba ya mwenzako? Picha za watoto wa dada yako? Hiyo ni amana, na amana haitunzwi kwa moyo safi tu. Mwizi haulizi kama wewe ni mchamungu.

Basi tuazimie. Ukisafiri, simu ifungwe, na mkeo akinuna, mpe namba. Cha watu usichokihitaji njiani kibaki nyumbani. Chaja yako ichomeke ukutani, si kwenye kompyuta ya usiyemjua, na mtandao wa bure wa uwanja wa ndege achana nao. Asiyejua kuweka namba ya siri asione haya, abaki tukimaliza, tufundishane. Hatoki mtu hapa leo na amana za watu ziko wazi.