Diwani wa Magurudumu Mawili

Hadithi hiyo inakuja. Anayetaka kusinzia ahamie karibu na mlango, tusije tukamkanyaga tukibishana, maana leo tutabishana.

Palikuwa na nyumba ya wapangaji huko Korogwe, na ndani yake watu watatu wasiofanana kwa lolote. Mama Eliakimu, muuza maziwa, alijaliwa mkono wa subira. Bi Mwanahawa, kungwi, alijaliwa sauti. Akimwita mtu sokoni, hata wasioitwa waligeuka. Na Shekalaghe, fundi wa kuchomelea mageti, alijaliwa kujua vyuma, ila watu walimshinda. Jioni alikula peke yake akiutazama ukuta.

Siku moja mbwa jike asiye na mwenyewe akazaa nyuma ya choo, kisha akahama na wanawe, akamwacha mmoja. Huyo miguu yake ya nyuma ilikuwa imekufa tangu tumboni. Wapangaji wakamwita Diwani, kwa kuwa alikaa tu pale akingoja kuletewa.

Mama Eliakimu ndiye aliyemwokota. Alichovya kitambaa kwenye maziwa, akamnyonyesha tone kwa tone. Mbwa wa namna ile hata haja haimtoki bila kukandwa tumbo; basi alimkanda, akamfuta, huku akimwambia kwamba hata mumewe hajawahi kutunzwa vile. Mumewe, aliyekuwa akisikia, alikubali.

Shekalaghe alijifanya haoni, mpaka alipomkuta Diwani amechubuka mapaja kwa kujiburuza sakafuni. Alichukua magurudumu ya kigari cha mtoto na mabaki ya vyuma vya dirisha, akamuundia kigari chenye mikanda. Cha kwanza kilikuwa kizito ajabu, maana mkono wake ulizoea mageti. Hata komeo alikuwa amekiwekea. Akarudia upya. Kila jioni yeye ndiye aliyemfungua mikanda na kumpaka mafuta mapajani, na taratibu akaanza kumsimulia habari za kutwa.

Lakini kigari si mwendo. Diwani alifungwa mikanda, akabaki pale pale akitetemeka. Hapo Bi Mwanahawa, asiyegusa mbwa kwa ajili ya swala zake, akatoa kigoda chake barazani. Alikuwa amewafunda mabinti wa mtaa mzima. Sasa akamfunda mbwa. Alimwimbia, akamkaripia, akambembeleza mpaka sauti ikamkauka. "Inua kichwa, mwanangu," alimwambia. "Unaitwa, nawe umekaa?" Asubuhi moja Diwani akaondoka mbio, moja kwa moja hadi kwenye kigoda, na Bi Mwanahawa akaruka ndani kuiokoa kanga yake.

Basi, mwenye nyumba akavitaka vyumba vyake kwa ajili ya wanawe. Kila mpangaji akapata chumba mtaa wake, na Diwani hagawanyiki. Mama Eliakimu alisema bila maziwa yake wangekuwa wanafunga mikanda kwenye mifupa. Bi Mwanahawa alisema maziwa na vyuma bila sauti vingekuwa bado vimekaa nyuma ya choo. Ikafika zamu ya Shekalaghe. Alisema tu, "Mimi sina mwingine."

Mjumbe wa mtaa akaitwa, akaamuru mbwa awekwe katikati ya ua, kila mmoja amwite. Mama Eliakimu akashika bakuli la maziwa. Bi Mwanahawa akapaza sauti. Shekalaghe alisimama ukutani, mikono mitupu, akiwa na hakika ameshashindwa.

Sauti ya Bi Mwanahawa ilipomfikia, Diwani aliinua kichwa, akaanza kumwendea. Njiani akageukia maziwa, akayamaliza. Kisha akaenda kwa Shekalaghe, akafuta mdomo kwenye suruali yake, akajilaza miguuni pake akingoja kufunguliwa mikanda, ingawa jua lilikuwa halijafika hata utosini.

"Kanisikia mimi kwanza," alisema Bi Mwanahawa kwa mbali, akijifuta machozi kwa kanga.

"Kafika kwangu kwanza," alisema Mama Eliakimu.

Shekalaghe alikuwa ameshapiga magoti, anafungua mikanda. Mjumbe akawatazama wote, akasema amekumbuka ana msiba mahali, akatokea mlango wa uani.

Sasa ninyi mliobaki macho, msinikimbie kama mjumbe. Mmoja alimpa uhai, mmoja akampa miguu, mmoja akampa moyo wa kuitumia. Mikokoteni mitatu imeshapakiwa vyombo, na kila mmoja una njia yake. Je, wewe ungempandisha Diwani mkokoteni upi?