Mrija wa Tindo

Seli moja tajiri ya jani la mpunga, jina lake Mwinyi Chanikiwiti, alipika sukari tangu jua lichomoze na hakumgawia mtu hata punje. Siku moja bakteria aitwaye Tindo akabisha hodi ukutani.

"Huingii humu," alisema Chanikiwiti.

"Wala siingii, bwana. Niruhusu nipenyeze mrija huu, ninuse tu jiko lako."

Chanikiwiti aliutazama mrija, akakitazama kitambi cha Tindo, akacheka. "Apa kwanza kwamba hutaingia."

Tindo akaapa, akachomeka mrija, akavuta pumzi kubwa, akapuliza.

Kufika adhuhuri, ncha ya jani ilikuwa imekauka, na wapishi wa Chanikiwiti walikuwa wakimwaga sukari nje kwa madebe.

"Nani kawatuma?"

"Amri imetoka chumbani kwako, bwana, kama siku zote."

Chanikiwiti alikimbilia chumbani. Kwenye kiti chake alikuta protini moja nyembamba, imevaa kofia yake, inaagiza madebe mengine.

"Tindo, umevunja kiapo!"

"Mimi niko nje, bwana," alijibu Tindo, mdomo umejaa sukari. "Huyo nilimpuliza, na hukumwapisha."