Jina la Nyuma ya Noah ya Bi Mwanaidi

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, ni zamani ya juzi tu ambayo hata mimi nilikuwa na meno yangu yote, palikuwa na mpishi wa shughuli pale Muheza, jina lake Bi Mwanaidi. Harusi akipika yeye, watu husema wamekula. Asipopika yeye, husema wamehudhuria.

Bi Mwanaidi alikuwa na masufuria saba makubwa na mkono usiokosea chumvi. Alichokosa ni gari. Kila shughuli alikodi kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, leo ya huyu, kesho ya yule. Siku moja kirikuu ikazimika njiani, na pilau la harusi likafika wageni wameshanawa mikono mara mbili. Shangazi wa bwana harusi akasimama mbele ya watu, akasema, "Mpishi mzuri sana huyu. Basi tu chakula chake huja kesho."

Watu wakacheka. Bi Mwanaidi hakucheka. Alirudi nyumbani akalia, akajifuta, akavunja kibubu chake cha miaka tisa.

Sasa, Mwalimu Mhina, mwalimu mstaafu wa hapo hapo Muheza, alikuwa anauza Noah yake. Gari pana, ukitoa viti vya nyuma, masufuria saba yanakaa na mpishi wao. Lakini mtaani kila mtu alijua kwamba gari lile lilishapata ajali, bima ikalipa, likapakwa rangi likarudi barabarani. Wengine walisema Mwalimu alikuwa anakwepa mbuzi. Wengine, wasio na haya, walisema alikuwa amelala.

Anunue au asinunue? Gari likiwa zima, hatakodi tena maishani mwake. Likiwa bovu, kibubu kimekwenda, na yeye anarudi kwenye kirikuu na midomo ya mashangazi wa watu. Kibubu cha pili hakikuwepo.

Basi akasimama jikoni kwenye shughuli moja, mwiko mkononi, akaapa mbele ya wanawake wote: "Atakayenikinga nisiuziwe mbuzi kwenye gunia, jina lake ndilo litakaloandikwa nyuma ya gari langu!"

Vigelegele vikapigwa. Na msidhani ni jambo dogo. Pale kwao, gari la chakula likiingia kwenye shughuli, watoto hulikimbilia wakiimba jina lililoandikwa nyuma. Mwenye jina hata akifa, gari linaendelea kumtaja.

Jumamosi asubuhi Bi Mwanaidi akaenda kwa Mwalimu na watu wawili. Mmoja ni Fundi Kiondo, fundi wa bodi, mnyoosha mabati. Wa pili ni Chausiku, mwanamke aliyemkatia vitunguu miaka yote tisa na kupanda naye kila kirikuu, kazi yake kushikilia masufuria yasimwagike. Chausiku si msemaji. Mtu anayelia kila siku kwa vitunguu huona maneno ni kazi ya ziada.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba! Karibuni, chai iko tayari."

Wanawake wakaingia barazani. Fundi Kiondo akabaki nyuma, akatoa sumaku aliyoivalisha soksi ya mtoto isikwaruze rangi. Akaiweka kwenye boneti: ta! Ikashika. Mlango wa kushoto: ta! Ikashika. Ubavu wa kulia: kimya. Sumaku ikateleza, ikaanguka kwenye majani. Akairudisha, ikaanguka tena. Hapo Fundi akajua kwamba chini ya rangi ile bati halipo karibu, lipo puti, ule udongo wa mafundi wa kujazia mabonde.

Alijua, lakini hakusema. Alikuwa mtu wa adabu. Utamwambiaje mzee, uwanjani kwake, birika lake likichemka, kwamba gari lake limekandikwa kama kibanda? Akachungulia na chini ya gari, akatia sumaku mfukoni, akaenda kunywa chai, akisubiri waondoke amnong'oneze Bi Mwanaidi njiani.

Mwalimu hakuona lolote. Alikuwa amewapa mgongo, anamimina chai. Akaweka birika chini, akavua miwani, akaishika mkononi.

"Kabla hamjaniuliza bei, niwaambie. Gari hili lilianguka mtaroni. Ubavu wa kulia wote uliingia ndani. Nilikuwa na bima kubwa, wakaja kulikagua, wakalipa, likatengenezwa. Karatasi yao hii hapa. Imeandika kila kilichobadilishwa, na imeandika kwamba chasisi, uti wa mgongo wa gari, haikuguswa." Akaitazama miwani ile. "Na lingine. Mbuzi hakuwepo. Miwani ilinidondoka, nikainama kuiokota huku naendesha."

Mkewe akatoa kichwa dirishani. "Mwalimu! Miaka minne nimemlaani mbuzi wa watu?"

"Nisamehe, mama."

"Mwombe msamaha mbuzi!"

Wote wakacheka, Mwalimu naye akacheka, na ilionekana wazi kwamba mzee ametua mzigo.

Lakini Fundi Kiondo akatoa sumaku mfukoni, akaiweka mezani. "Kuhusu ubavu, Mwalimu amesema kweli, na mimi nilishajua. Lakini nimechungulia chini. Chasisi imepakwa rangi nyeusi, mpya kabisa. Rangi mpya mahali pasipoonekana inanitia wasiwasi. Siwezi kuiapia. Dada, acha."

"Nilipaka kuzuia kutu!" akasema Mwalimu. "Karatasi inasema nzima. Bi Mwanaidi, chukua."

Mwenye sumaku anasema acha. Mwenye karatasi anasema chukua. Bi Mwanaidi akamtazama huyu, akamtazama yule, chai ikampoa mkononi. Aliogopa, nami simlaumu; miaka tisa haipimwi kwa kubahatisha.

Ndipo Chausiku akasema, "Naomba sufuria kubwa na maji."

Wakamshangaa.

"Dada, unakumbuka kirikuu ya Sekiete? Mchuzi ulikuwa ukimwagika kushoto kila dereva akishika breki. Kila siku kushoto. Baadaye si walikuja kuona chasisi imepinda? Na ile ya Shemdoe, kulia, vile vile. Gari lililopinda kiuno hujificha kwa fundi, hujificha kwenye karatasi, lakini halijifichi kwa mchuzi."

Wakatoa viti vya nyuma, wakaweka sufuria, wakalijaza maji hadi ukingoni. Chausiku akaketi sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, na gauni lake moja la shughuli, miguu ameikumbatisha sufuria. Fundi akashika usukani. Wakaenda kwenye barabara ya shamba la mkonge, iliyonyooka na tambarare.

Fundi akakimbiza, akaachia usukani, akakanyaga breki. Maji yakaruka mbele, yakamwagikia magoti ya Chausiku. Mbele, si kulia, si kushoto. Wakajaza tena. Akakimbiza, akaachia, akakanyaga. Mbele. Wakajaza mara ya tatu. Akakimbiza, akaachia, akakanyaga. Mbele! Chausiku alikuwa amelowa mpaka ushungi, maji yanamtiririka puani.

"Dada," akasema, "nunua. Hili halina kilema. Lina kovu tu."

Bi Mwanaidi akanunua. Akalia mara ya pili, na safari hii kwa raha. Na gari? Mpaka leo linakwenda, wala halijawahi kumwaga mchuzi kushoto.

Juma moja baadaye akaja mwandishi wa magari, na kopo la rangi nyekundu na brashi, na Fundi, Mwalimu na Chausiku wote wakaja kushuhudia. Akapima kioo cha nyuma kwa mkono. "Jina moja," akasema. "Nikiandika mawili watayasoma sisimizi." Bi Mwanaidi mwenyewe akasema ndivyo alivyoapa, jina moja. Na hapo, jamani, ndipo raha ilipoingia mchanga.

Fundi Kiondo akasema, "Bila mimi, dada, ungejuaje? Mimi nilijua wa kwanza. Muuzaji hata akisema kweli, nani anamwamini mpaka fundi athibitishe? Na nisingetia shaka kwenye chasisi, huyu Chausiku angepima nini? Gereji yangu ni mabati mawili nyuma ya soko, hakuna anayeijua. Jina langu likitembea, watoto wangu watakula. Niandike mimi."

Mwalimu Mhina akasema, "Ulijua, ukanyamaza ukanywa chai. Bila mimi, lile jambo lingebaki mfukoni mwako mpaka njiani. Mimi nilisema wa kwanza, na kila neno nililosema lilinipunguzia bei. Sikujua una sumaku. Nimefundisha watoto wa mji huu miaka thelathini, lakini wakinitaja wanataja mtaro. Naomba jina langu lipite barabara ile ile, lisianguke. Niandike mimi."

Chausiku akasema, "Fundi alisema acha. Angesikilizwa, leo tungekuwa tunasubiri kirikuu. Mwalimu alisema chukua, lakini muuzaji gani husema acha? Bila mimi, dada angekuwa bado ameshika kile kikombe. Mimi nilipima, na mimi ndiye niliyelowa." Akatazama chini. "Wao wana watoto wa kuwataja. Mimi sina. Nikifa, jina langu litaishia kwenye maganda ya vitunguu. Niandike mimi."

Bi Mwanaidi akamtazama wa kwanza, moyo ukasema ndiye. Akamtazama wa pili, moyo ukasema ndiye. Akamtazama wa tatu, akarudi kumtazama wa kwanza. Na pilau lilikuwa tayari ndani ya gari, likisubiriwa kwenye harusi. Harusi ya nani? Ya binti wa yule yule shangazi! Mwandishi wa magari alishachovya brashi, rangi inamdondokea viatuni.

"Twende," akasema Bi Mwanaidi, "nitafikiri njiani."

Wakapanda wote wanne. Pilau likafika linafuka moshi. Shangazi akala sahani mbili, akaomba na ukoko. Lakini gari lilipoingia uwanjani, watoto walilikimbilia kama kawaida, wakazunguka nyuma, wakafungua vinywa waimbe, wakakuta kioo kitupu. Wakabaki wamesimama hivyo, vinywa wazi, wakimtazama Bi Mwanaidi.

Yeye akageukia masufuria yake, na mimi niliyewasimulia si mwandishi wa magari. Na atakayeniambia wote watatu aondoke hapa akalale. Hilo ni jibu la wavivu, na kioo hakina nafasi. Haya, shikeni brashi nyinyi. Yuko aliyejua wa kwanza akanyamaza kwa adabu. Yuko aliyesema wa kwanza akaumia mfukoni. Yuko aliyepima wa mwisho akalowa. Watoto bado wamefungua vinywa, wanasubiri kuimba.

Je, waimbe jina la nani?