Nguchiro Asiyepiga Vumbi

Paukwa!
Pakawa!
Lo, mnajibu kama mmelala njaa! Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, nguchiro waliishi kwenye vichuguu. Wakilala hapa leo, kesho wanahama. Asubuhi kila mmoja huligeuzia tundu mgongo, akalipiga vumbi kwa miguu ya nyuma, fyaa! fyaa! Wakaimba: "Tumelala, tumehama, tumesahau!"

Kijana wao Sengo hakupiga vumbi.

"Nisahau? Mimi?" Akawa anatembea akiyataja matundu yote: la mchongoma, la mkwaju, la jiwe jeusi, la mto mkavu.

Mama Sengo hakuwa na raha. "Mwanangu, piga vumbi."

"Kusahau ni ujinga, mama."

"Haya, leo tunalala wapi?"

Sengo akakuna sikio. "La mchongoma?"

"La mchongoma ni la juzi!" Mama akamsogelea. Akatazama juu. Hakuna kitu. Akatazama tena.

Mchana kivuli kikapita. Shwaa!

"Mwewe! Mwewe!"

Nguchiro wote wakatimka, wakazama tunduni. Sengo peke yake nje. Mbio anazo, lakini akimbilie wapi?

"La mkwaju! Hapana, la jiwe jeusi! La mto!" Akaenda huku, akarudi kule.

"Sengo! Huku! La leo!" mama akalia.

Sengo akazunguka tu. Kivuli kikazidi kukua.

Jamani, mama akatoka! Akamng'ata shingoni, akamburuta, buru, buru, buru. Makucha yakashuka, kwachu! Wakaingia. Mkia wa mama ukaondoka na mwewe.

Sengo akalia sana. "Mama, mkia wako!"

"Nyamaza. Mkia ulikuwa wa kuringia tu." Lakini akawa analamba kidonda.

Asubuhi Sengo akasimama mlangoni, anaogopa. "Mama, nikisahau matundu yote, si nitabaki mjinga?"

"Matundu yatapotea. Kulijua tundu zuri hakupotei."

Sengo akapiga vumbi, fyaa! fyaa! fyaa! mpaka wazee wakapiga chafya. Walipofika kwenye kichuguu kipya akanusa, akazunguka, akaita: "Hapa! Pakavu, pana milango miwili!"

Mama ndiye aliyetangulia kuingia.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: kichwa kisichosahau la jana hakina pa kuliweka la leo. Hadithi yangu imeishia hapo, na vumbi lake limpate aliyesinzia!